Tuusome Upepo wa Juu Saa kwa Saa

Mheshimiwa mwenyekiti, wataalamu wenzangu wa hali ya hewa, wahandisi, wanafunzi mlioketi huku nyuma, mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii.

Nimeombwa nizungumzie rada zinazopima upepo wa juu na namna ya kuziunganisha ziwe mtandao. Niseme tangu mwanzo ninachokuja kukitetea. Rada moja ya upepo ni chombo kizuri cha utafiti, lakini kinachomsaidia mtabiri ni mtandao, na mtandao haununuliwi kama mtambo unavyonunuliwa. Unajengwa kwa masafa ya redio yanayolindwa na sheria, kwa mafundi wanaokaa kazini, kwa takwimu zinazofika kwa wakati, na kwa serikali inayokubali kulipia matengenezo mwaka wa kumi kama ilivyolipia uzinduzi mwaka wa kwanza. Pasipo hayo, tutakuwa tumenunua chuma.

Tuanze na pengo lenyewe. Utabiri wa leo hutoka kwenye modeli za kompyuta, na modeli lazima kwanza iambiwe hali ya anga ilivyo sasa hivi, kuanzia ardhini hadi juu kabisa. Ardhini tuna vituo vingi. Angani, kwa miongo mingi tumetegemea puto lenye kifaa cha kupimia, radiosondi, ambalo kwa kawaida hurushwa mara mbili kwa siku, saa 6 usiku na saa 6 mchana kwa saa za Greenwich. Puto nalipa heshima yake. Linapanda hadi karibu kilomita 30 likipima joto, unyevunyevu, mgandamizo wa hewa na upepo, na hakuna rada inayotoa yote hayo kwa pamoja. Ila kati ya puto na puto kuna saa 12. Dhoruba ya radi inaweza kuzaliwa, kukomaa, kufanya madhara na kutoweka kabla saa hizo hazijafika robo.

Angalieni nyanda za kati za Marekani. Kule, majira ya kuchipua na kiangazi, jua likizama hewa iliyo karibu na ardhi hutulia, msuguano hupungua, na hewa iliyo mita mia chache juu yake huanza kukimbia kutoka kusini. Hushika kasi yake kubwa baada ya usiku wa manane, kisha hulegea kunapopambazuka. Mkondo huo ndio unaobeba unyevu wa Ghuba ya Mexico na kulisha dhoruba za usiku. Sasa tazameni saa za puto: katika eneo hilo huangukia kama saa 12 jioni na saa 12 asubuhi. La kwanza hurushwa mkondo haujashika kasi, la pili mkondo ukiwa umeanza kulegea. Kilele chake, ambacho mtabiri ndicho anachokihitaji, hupita katikati bila kupimwa. Si kwamba puto lina kasoro. Ni kwamba anga halifuati ratiba yetu.

Rada ya upepo, ambayo wataalamu huiita profaila, haina ratiba ya kungoja. Inapima mfululizo, usiku na mchana.

Inafanyaje kazi? Rada ya mvua hutupa mwale wake karibu sambamba na ardhi ikitafuta matone. Profaila hutazama juu, na haihitaji tone wala wingu. Sote tumeona hewa inavyotetema juu ya barabara ya lami jua likiwa kali. Hewa zenye joto tofauti zinachanganyika, na mwanga unaopita humo unapinda. Michanganyiko ya namna hiyo ipo angani kote, hata siku ambayo mbingu ni safi kabisa, na mawimbi ya redio nayo huiona. Sehemu ndogo mno ya nguvu iliyorushwa hurudi chini kama mwangwi. Rada hupata mwangwi hasa kutoka kwenye misukosuko ambayo ukubwa wake ni nusu ya urefu wa wimbi lake. Ile ya megahezi 404, yenye wimbi la sentimita 74, huitikiwa na misukosuko ya sentimita 37. Ile ya megahezi 50, yenye wimbi la mita 6, huitikiwa na ya mita 3. Misukosuko midogo hutoweka mapema kadiri unavyopanda, na ndiyo sababu rada ya masafa ya juu, ambayo antena yake inatosha kwenye uwanja mdogo, huishia kilomita chache, wakati ile ya megahezi 50 hufika stratosfia, tabaka lililo juu ya mawingu ya kawaida, lakini hudai eneo kubwa la ardhi. Anayeniuliza profaila ipi ni bora, mimi humuuliza kwanza: unataka kuona tabaka gani?

Misukosuko hiyo husafiri pamoja na upepo, kwa hiyo mwangwi hurudi ukiwa umebadilika masafa kidogo, kwa athari ya Doppler. Mtambo hurusha mwale mmoja wima na mingine miwili au minne iliyoinama, kisha hukokotoa kasi na mwelekeo kwa kila kimo. Naomba mnivumilie kwa hesabu moja, maana inaonyesha kazi hii ilivyo ya uangalifu. Upepo wa mita 10 kwa sekunde, ukitazamwa kwa mwale ulioinama nyuzi 15 kutoka wima, huonekana ukisogea kwa mita 2.6 tu kwa sekunde. Kwa rada ya megahezi 404, mabadiliko ya masafa yanakuwa hezi 7. Hezi 7 kati ya milioni 404! Tena zinatafutwa ndani ya mwangwi ambao mara nyingi umezama chini ya kelele za mtambo wenyewe, hadi mapigo maelfu yajumlishwe ndipo ishara ijitokeze. Kila ninapouona mstari wa upepo umetoka safi kutoka kimo cha kilomita 10, huwa nawafikiria watu waliolitatua jambo hili.

Baadhi yao walikuwa Peru. Jicamarca, karibu na Lima, kuna rada iliyojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa ajili ya kuchunguza ionosfia, tabaka la juu sana la anga lenye chembe za umeme, nayo ina dipoli, yaani antena ndogo, 18,432 zilizotandazwa kwenye mraba wa karibu mita 300 kila upande. Mwaka 1974 Ronald Woodman na Alberto Guillén walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba mwangwi wa hewa tupu unaweza kutoa upepo na misukosuko ya stratosfia na ya mesosfia, tabaka lililo juu yake. Rada haikujengwa kwa kazi hiyo. Wao wakausikiliza mwangwi dhaifu, wakauamini, na fani nzima ikafunguka. Muongo mmoja baadaye, mwaka 1984, Wajapani walikuwa na rada kubwa ya Shigaraki yenye antena 475, na Marekani ilikuwa ikijaribu vituo vyake vya kwanza Colorado.

Sasa tuje kwenye mtandao, maana hapo ndipo hoja yangu ilipo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Marekani ilikuwa imesimamisha vituo takriban 30 katika majimbo yake ya kati, kila kimoja cha megahezi 404. Vilitoa vipimo kila dakika 6 na wastani wa kila saa, kuanzia mita 500 juu ya ardhi hadi zaidi ya kilomita 16, kwa hatua za mita 250. Hebu uweke mbele yako mchoro wa kituo kimoja. Kimo kinapanda upande wa kushoto, na saa zimepangwa chini, mara nyingi kutoka kulia kwenda kushoto, jambo linalomchanganya kila mwanafunzi siku ya kwanza. Limefanywa kwa makusudi: katika latitudo za kati mifumo ya hewa hutoka magharibi, kwa hiyo ukisoma hivyo, mchoro wa saa unafanana na mkato wa anga kutoka magharibi hadi mashariki. Kila alama ndogo ni mshale wenye mikia, na idadi ya mikia ndiyo kasi. Unaona mishale ya chini ikigeuka taratibu kutoka kusini-mashariki kwenda kusini-magharibi, mgeuko ukishuka kimo hadi kimo kila saa inayopita. Huo ni ukingo wa hewa ya joto unaingia, na umeuona ukija, tabaka kwa tabaka, huku nje bado ni baridi na kimya.

Tarehe 3 Mei 1999 vituo hivyo vilionyesha thamani yake kwa namna ambayo watabiri hawaisahau. Siku hiyo ilianza hatari ya dhoruba kali kwa Oklahoma ikiwa imetangazwa katika kiwango cha chini. Kisha profaila ya Tucumcari, New Mexico, iliyo magharibi ya hapo, ikaanza kuonyesha upepo wa juu wenye nguvu kuliko modeli zilivyotarajia, na ulikuwa unaelekea mashariki. Watabiri wakapandisha kiwango cha hatari, baadaye wakakipandisha tena hadi cha juu kabisa. Jioni hiyo zilishuka tornado nyingi, yaani nguzo za upepo mkali unaozunguka hadi ardhini, mojawapo ya daraja la F5, la juu kabisa, iliyopita Bridge Creek na Moore na kuua watu. Rada haikuizuia tornado, hakuna chombo kinachoweza. Lakini onyo lililotolewa mchana liliwakuta watu bado wana muda wa kupanga wataelekea wapi, na muda huo usingepatikana kwa kungoja puto la jioni.

Angalieni pia kwamba Tucumcari haikuwa chini ya dhoruba. Ilikuwa mbali, upande ambao hali ya hewa ilikuwa inatokea. Hilo ndilo mtandao unalofanya: kituo kimoja hupima kwa ajili ya watu wa kwingine. Na kuna zaidi. Ukiwa na vituo vitatu vinavyounda pembetatu, unaweza kukokotoa kama hewa iliyo ndani yake inajikusanya au inatawanyika. Hewa ikijikusanya chini, haina pa kwenda ila juu, na hewa inayopanda ndiyo inayotengeneza mawingu. Profaila moja, hata iwe ghali namna gani, haiwezi kukupa jibu hilo. Tatu za kawaida zinaweza. Ndiyo maana fedha zikiwa chache mimi huchagua vituo vingi vya kawaida vilivyopangwa vizuri, kuliko mtambo mmoja wa fahari.

Japani walilielewa hilo. Mwaka 2001 idara yao ya hali ya hewa ilianzisha mtandao wa vituo 25 vya masafa ya karibu megahezi 1,300, na leo vimefika 33. Haviendi juu sana, kwa kawaida kilomita 3 hadi 6 kufuatana na majira, lakini hewa yenye unyevu inayoleta mvua kubwa kule husafiri chini ya kimo hicho, na vipimo hutolewa kila dakika 10. Hawakufukuzia kimo. Walilenga tabaka lenye tatizo lao. China nayo imesimamisha zaidi ya 100, na nchi za Ulaya zimekubaliana kukusanya takwimu za profaila zao mahali pamoja na kuzikagua kwa vigezo vya aina moja, jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko mitambo yenyewe.

Yapo maeneo ambayo haja ni kubwa zaidi, nayo ni ya karibu na ikweta. Mbali na ikweta, ukiwa na ramani ya mgandamizo wa hewa unaweza kuukisia upepo wa juu vizuri, kwa sababu mzunguko wa dunia huulazimisha ufuate mistari ya mgandamizo. Ukisogea ikweta nguvu hiyo hufifia hadi kutoweka, na ramani ya mgandamizo haikwambii tena upepo uko wapi. Upepo lazima upimwe. Setilaiti hutusaidia kwa kufuatilia mawingu, na setilaiti ya Aeolus ya Ulaya, iliyofanya kazi kuanzia 2018 hadi 2023, ilipima upepo kutoka angani kwa leza na kuonyesha jinsi kipimo hicho kinavyoboresha utabiri, hasa wa tropiki. Ndege za abiria nazo hutuma vipimo zikiwa safarini, lakini mwaka 2020 safari zilipokatika kwa sababu ya korona vipimo hivyo vilipungua mno. Kinachonisikitisha ni kwamba profaila zimepandwa kwa wingi kwenye latitudo za kati, na ukanda unaozihitaji kwa sababu za kifizikia umeachiwa chache za utafiti, kama ile iliyoanza mwaka 1986 kwenye kisiwa cha Kiritimati katikati ya Pasifiki, na ile kubwa ya Kototabang, Sumatra, ya mwaka 2001. Hili si la kukubali kama kudra.

Niwageukie sasa wahandisi na wanaoandika bajeti.

Ule mtandao wa Marekani niliousifu, sehemu yake kubwa ilizimwa mwaka 2014. Haukuzimwa kwa kushindwa kazi. Tafiti zilikuwa zimeonyesha kwamba vipimo vyake viliboresha utabiri wa upepo wa saa chache za mwanzo. Moja ya shida zake kubwa ilikuwa masafa. Megahezi 404 ziko jirani mno na 406, ambazo setilaiti za uokoaji husikilizia ishara za dharura kutoka kwenye meli na ndege zilizopata ajali. Ikabidi rada zinyamaze kila setilaiti hizo zilipopita juu, na suluhisho la kudumu lilikuwa kuhamia megahezi 449, yaani kubadili mitambo karibu yote. Gharama hiyo haikubebwa. Mkutano wa kimataifa wa mawasiliano ya redio wa mwaka 1997 uliainisha masafa yanayofaa kwa profaila, lakini uamuzi wa kimataifa haukulindi nyumbani kwako kama mdhibiti wa mawasiliano hajaandika jina lako kwenye jedwali lake. Kampuni za simu zinaliomba kila pengo. Anayetaka mtandao wa rada za upepo aanze na barua kwa mdhibiti, kabla ya barua kwa muuzaji.

Shida nyingine ilikuja na mabawa. Miaka ya 1990 watafiti waligundua kwamba usiku wa majira ya kuhama, baadhi ya profaila zilikuwa zinaripoti upepo wa kusini wenye nguvu usiokuwepo. Walikuwa ni ndege wadogo, maelfu kwa maelfu, wakirejea kaskazini gizani, na wao wanapenda kuruka pamoja na ule mkondo wa usiku niliowaeleza. Mwangwi wa ndege mmoja unaufunika ule wa hewa tupu, na kwa kuwa ndege huongeza mwendo wake juu ya mwendo wa upepo, kosa linaweza kupita mita 10 kwa sekunde. Upepo wa uongo ukiingia kwenye modeli hudhuru kuliko kukosa upepo kabisa, maana modeli itauamini. Suluhisho likapatikana: kuchuja kila spektra, yaani mwangwi uliopangwa kwa masafa yake, kabla ya kuchukua wastani, badala ya kungoja wastani wa saa ndipo ukague. Leo kuna mgeni mwingine, mitambo ya umeme wa upepo, ambayo mapanga yake yanayozunguka hurudisha mwangwi unaofanana na hewa inayokwenda. Eneo la kituo lazima lilindwe dhidi ya ujenzi wa namna hiyo, na lilindwe kwa maandishi.

Kwa hiyo mtu wa takwimu ni muhimu sawa na mtu wa antena. Kila kituo kinapaswa kulinganishwa kila mwezi na makadirio ya modeli, kimo kwa kimo. Kituo ambacho mwelekeo wake umepinda nyuzi zilezile siku zote hakina upepo wa ajabu: antena yake imepangwa vibaya kuhusu kaskazini, na fundi anaweza kuirekebisha kwa siku moja. Kituo kinachopoteza kimo polepole, leo kilomita 6, miezi michache baadaye 4, mara nyingi kimeingiwa na maji kwenye viungio vya nyaya, au panya wametafuna, au moduli za kurushia mawimbi zimekufa moja baada ya nyingine bila mtu kugundua. Hakitoi kengele. Kinaendelea kutuma takwimu, pungufu kila wiki. Anayekigundua ni mtu aliyekaa na grafu zake, na mtu huyo anahitaji mshahara, mafunzo, na mamlaka ya kusema kituo hiki kisitumike hadi kitengenezwe.

Najua wapo mnaoshika bajeti mtakaoniuliza tuanzie wapi. Mimi ningeanza na kituo kimoja kilichowekwa jirani na kituo cha puto kilichopo, ili kila puto linaporushwa lipime upepo uleule ambao rada inaupima, na mafundi wajifunze kuijua tabia ya mtambo wao kwa mzunguko mzima wa majira. Wakati huohuo masafa yaandikishwe kwa vituo vyote vilivyokusudiwa, hata vile vitakavyojengwa miaka mitano ijayo. Kituo cha pili na cha tatu vikamilishe pembetatu, upande ambao mvua zenu kubwa hutokea. Mkataba wa ununuzi utaje vipuri vya muongo mzima na mafunzo ya mafundi wasiopungua wawili kwa kila kituo, maana mmoja akihama kazi haondoki na ujuzi wote. Na takwimu ziingie kwenye mtandao wa kimataifa wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani tangu mwezi wa kwanza, hata zikiwa na dosari, zikiwa na alama ya ubora inayosema wazi kwamba bado ziko kwenye majaribio. Vituo vya modeli vya dunia vitawarudishia ripoti za ukaguzi bila malipo, na dosari zenu zitaonekana mapema, wakati mkandarasi bado anawajibika kuzirekebisha.

Asanteni kwa kunisikiliza. Nipo tayari kwa maswali, na ningefurahi tukianza na ya mafundi.